Sauti ya Mwanaume Nyumbani Kwangu

Jumapili, 7 Oktoba 2007

Pole, daftari langu. Tangu Njoki azaliwe sijakushika. Mara nepi, mara homa yake, mara kazi — lakini huo ni uongo, na hapa sina mtu wa kudanganya. Sikuandika kwa sababu niliogopa kukufungua asubuhi nikose kusoma nilichoandika jana.

Leo nimenunua kalamu nene, ile ya kuandika bei kwenye makatoni. Herufi kubwa kama mayai. Mistari michache na ukurasa umejaa. Sawa tu.

Wacha niseme. Macho yangu yanaisha. Yanaishia katikati. Daktari wa Nairobi alinieleza mwezi wa nane, polepole, akachora duara kwa karatasi. Pembeni kutabaki, katikati kutaenda. Miwani haitasaidia. Sikumwambia kwamba hilo duara lenyewe sikuliona vizuri.

Nikimwangalia Njoki namwona masikio. Namwona nywele na ile riboni. Uso una wingu. Nikigeuza kichwa upande kama kuku nampata — shavu, mdomo — halafu anakimbia. Mwaka mmoja na nusu, hatulii!

Mume wangu Mwaura anajua. Akija Jumamosi kutoka Elburgon, nguo zote vumbi la mbao, ananipikia chai na haniulizi maswali. Jumapili jioni anarudi kwa mashine yao ya kupasua miti. Anayenitisha ni Madam. Darshana, mwenye ofisi ninapopiga chapa mjini. Hajui. Akijua, nimeisha.

Jumatano, 10 Oktoba

Leo Madam amenipata pua imeshika skrini. "Rahab, unanusa nini huko ndani?" Ofisi yote ikacheka. Na mimi nikacheka. Nikasema ni mafua. Mafua na skrini, kweli!

Hivi ndivyo ninavyojificha. Wangechi, tunayekaa naye meza moja, hapendi kaseti za wakili wa ghorofa ya juu, anazorekodi hati zake tuzipige chapa. Anasema wakili anaongea kama ana ugali mdomoni. Basi nachukua kaseti zote, yeye anachukua maandishi ya mkono. Anafikiri ni roho nzuri. Vidole vyangu vinajua kibodi, masikio yanamjua wakili. Shida ni kusahihisha. Nikikosea sioni. Hati ya kiapo ikitoka na kosa, wakili anashuka ngazi, na viatu vyake navisikia kabla hajafika mlangoni. Jana alishuka tena.



Jumamosi, 20 Oktoba

Nimempigia Owuor. Mwalimu Owuor wa Thika, tulikutana kliniki ya macho mwezi ule wa nane. Haoni kabisa. Alikuwa amemleta mwanafunzi wake, akanisikia nikilia kwa benchi. "Mama, wewe unaona nusu na unalia hivyo? Mimi sijawahi kuona kitu na nimenyoa ndevu vizuri. Ama nimeacha mahali?" Nilicheka na makamasi yangu. Alikuwa ameacha mahali.

Yeye kompyuta humsomea kila anachoandika. Nimemuuliza kama na mimi naweza. "Karibu chamani," akasema, "hakuna kiingilio." Atatuma sidii yenye programu hiyo kwa basi.

Hapa Kiamunyi tuko na kompyuta kuukuu. Mwaura aliitoa kwa shule moja huko Elburgon iliyokuwa inatupa vitu. Imekaa kwenye kona na kitambaa juu, Njoki anapandia. Mwaura amesema nijaribu. Amesema tu hivyo: jaribu. Halafu akaenda nje kukata kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Jumatatu, 12 Novemba

Imeongea!! Tangu Alhamisi.

Owuor alinishika mkono kwa simu hatua kwa hatua. "Usiguse panya. Panya ni ya watu wenye macho. Bonyeza Enter. Ngoja. Enter tena." Programu ya kwanza ilisoma skrini yote, safi kama mtangazaji wa redio. Nikaandika jina la Njoki, ikalisema! Kabla sijamaliza kufurahi — kimya. Owuor akasema hiyo ni ya kuonja tu, inaongea muda mfupi halafu lazima uzime na uwashe kompyuta upya. Na kuinunua? Akacheka. Mtu auze ng'ombe wa maziwa na ndama wake.

Lakini kwa sidii hiyo hiyo kuna nyingine, ya bure. Anasema imetengenezwa na watu wasioona wenyewe, kwa ajili ya wenzao, na wanaigawa tu. Sauti yake ni mbaya. Mwanaume, Mzungu mwenye homa, anayesoma Kiswahili kwa pua. Lakini hainyamazi.

Nilikuwa bado sijapata programu ya kuandikia. Ile tunayotumia ofisini ni ya kununua, na hii ya kwangu hapa muda wake umekwisha, inanikataa hata kuhifadhi. Owuor ameweka mbili za bure. Kubwa ina kila kitu: kuhesabu aya, kusahihisha maneno, kurasa. Ila msomaji wangu akifika hapo anakuwa kama amegonga ukuta. Anataja jina la dirisha, basi. Mimi naandika, yeye kimya. Owuor anasema katikati yao kunatakiwa kitu fulani cha kuwaunganisha, anakiita daraja, na kwenye sidii hii hakulitia. Nikaenda saiba, duka la intaneti, kulivuta kwenye mtandao. Lilikuwa limekaribia kuisha, stima ikapotea. Nikarudi siku iliyofuata, ikapotea tena. Nikamaliza pesa ya sukuma wiki.

Ndogo ni maskini. Haihesabu aya, namba naziweka mwenyewe. Lakini inasomwa yote! Kila herufi, kila nukta. Nikifuta kitu inaniambia nimefuta nini.

Njoki alisimama mbele ya spika, mikono mgongoni. Mzungu akasema neno. Njoki akasema, "Baba!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi, 22 Novemba

Aibu! Nilibeba kaseti ya wakili nyumbani, nikaandika yote kwa ile ndogo, nikasikiliza mara mbili, safi. Nikaleta na flashi. Madam kufungua: mabano, nyota, vinamba, takataka. Neno moja la maana hakuna. Wakili amesimama hapo na koti la kortini.

Owuor ameniambia baadaye: kila programu ina namna yake ya kuhifadhi, lazima nichague ile ya ofisini, kila mara, bila kusahau. "Hilo kosa kila mtu wa chama amelifanya," anasema. "Mimi nilipelekea mkuu wa shule."

Wangechi aliandika upya kila kitu mbio mbio, mimi nikimsomea kwa kichwa. Nilikuwa nimeshika kaseti nzima, kumbe. Madam alikuwa anatuangalia. Nilisikia bangili zake zimenyamaza.

Jioni akaniita. Nilijua ni barua ya kufukuzwa. Akasema: kwa nini unabeba kazi nyumbani? Nikasema mtoto anaumwa-umwa. Akafikiri. Akasema wakili anataka mtu mmoja wa kaseti peke yake. Nifanyie nyumbani nikitaka, yeye hajali, lakini zifike hapa zikifunguka na zikiwa safi. Mpaka mwisho wa Januari. Zikiwa safi, kaseti zote ni zangu, na mshahara unabaki. Zikiwa chafu, tutafute kila mtu njia yake.

Nimeogopa, na nimefurahi, sijui ni gani zaidi.

Jumamosi, 8 Desemba

Naandika haya kwa kompyuta. Mzungu ananisomea shajara yangu! Ni kama mtu mwingine ndiye aliyeteseka.

Hedifoni za Mwaura zinafunika masikio yote mawili, joto kama kofia ya sufu. Kaseti upande mmoja na Mzungu upande mwingine. Wiki hii wakili hajashuka.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza mshindi wa urais. Redio kwa jirani ilikuwa juu, halafu ikazimwa. Kimya. Halafu kelele kutoka upande wa chini. Mwaura yuko Elburgon, alipanga kuja kesho. Kesho hakuna gari.

Moshi naunusa, siuoni.

Jumatano, 9 Januari 2008

Mwaura yuko hai. Wamelala kanisani, yeye na wenzake wa mashine. Njia imefungwa na mawe na miti. Alisema tu niweke Njoki karibu, kadi ya simu ikaisha. Kadi zenyewe hakuna dukani.

Ofisi inafunguliwa asubuhi tu. Nilienda, nikarudi na kaseti. Si kesi za mashamba sasa. Wakili amekuwa akienda uwanja wa maonyesho, wanakolala waliofukuzwa, anarekodi kila mtu na habari yake. Anataka ziandikwe zote. Madam aliniwekea mkobani mwenyewe. "Usimwonyeshe mtu. Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Rahab. Hiyo haisongi."

Mama mmoja wa Olenguruone anaeleza cherehani yake. Hasemi nyumba. Anasema cherehani, rangi yake, ilipochubuka, nani alimnunulia. Nikaandika. Mzungu akanisomea, sauti ile ile ya kusoma "ukurasa wa pili". Nikavua hedifoni nikalia.

Na hapo ndipo nikajua Njoki hayuko chumbani.

Mlango wazi. Sikuwa nimesikia kitu! Nilitoka nikikimbia, nimegeuza kichwa huku na huku kutafuta ile riboni. Alikuwa amefika getini. Nje, barabarani, kundi la vijana linapita na mapanga, wanaimba. Amesimama anawapungia mkono.

Sikumpiga. Nilimshika tu mpaka akasema "aah".

Sivai hizo hedifoni tena. Masikio ndiyo macho yangu, siwezi kuyafunga yote wakati huu. Nitatumia spika. Chini chini.

Jumamosi, 19 Januari

Jirani yangu Wangu, wa mlango wa pili, amenisimamisha bombani. "Mama Njoki, baba yake amerudi?"

Nikasema bado, yuko Elburgon.

"Aa. Bado."

"Kwani?"

"Hapana. Nilidhani nimesikia mwanaume." Akajaza ndoo yake. "Na mtoto anaita baba, baba."

Nikasema ni redio. Mwaka mzima Wangu anajua sina redio. Nikaona nyuma ya kichwa chake ikienda, na kitambaa chake chekundu. Uso sikuuona, sijui alitoka na uso gani.

Kwa nini sikusema ni kompyuta? Kwa sababu angeuliza kwa nini kompyuta inanisomea. Na shemeji yake ni Wangechi! Ingefika kwa Madam kabla sijakausha ndoo.

Vijana wa mtaa wanatafuta watu wa makabila mengine waliofichwa. Hilo kila mtu anajua. Ploti ya juu walichoma nyumba kwa sababu ya mgeni aliyekuwa chini ya kitanda.

Nimepunguza sauti mpaka naweka sikio kwa spika. Lakini kuta ni mbao.

Ijumaa, 25 Januari

Kalamu nene tena. Sijui kama haya yatasomeka.

Mji unaungua tangu jana. Wametangaza kafyu, usiku hakuna kutoka. Walikuja mchana, saa ya uji wa Njoki. Nilisikia viatu vingi, halafu rungu mlangoni, taratibu, kama mtu mwenye adabu.

"Mama Njoki. Fungua, ni Ephantus."

Ephantus fundi! Ndiye aliyejenga choo cha ploti hii. Sasa ndiye mkubwa wa vijana wanaolinda mtaa. Nyuma yake vijana, sijui wangapi, wananuka moshi. Wangu amesimama mlangoni kwake.

"Toa mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Yule wa Kizungu-Kizungu. Wangu amemsikia. Mtoto wako anamwita baba. Mathe, usitupotezee muda."

Wakaingia. Walitupa godoro. Mmoja akaangalia ndani ya pipa la maji, kama mtu anaweza kukaa humo! Njoki alikuwa mgongoni kwangu, nasikia moyo wake kwenye uti wangu wa mgongo. Beseni la nepi chafu walilipita, hakuna mwanaume wa kuweka mkono humo. Kaseti zote ziko chini ya zile nepi.

Nikasema, "Ephantus, mwanaume wenu huyu hapa." Nikaenda kwa kompyuta nikabonyeza. Mzungu akasema jina la dirisha. Waliruka nyuma! Mmoja aliangusha panga.

"Mwambie aseme jina langu," Ephantus akasema.

Nikaandika, Mzungu akalisema na ile pua yake. Kijana mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. "Boss, umekuwa wa Ulaya!" Wakaanza kugombana, kila mmoja anataka lake. Nikayaandika yote. Vidole vilikuwa vinafanya kazi, mimi sikuwepo. Hata Wangu alicheka. Nikafikiri, Mungu, imepita.

Halafu Ephantus akaokota bahasha ya sidii. Akasoma polepole nyuma yake, jina la aliyetuma.

Hakuna aliyecheka tena; jina hilo si la kabila letu.

"Owuor. Huyu ni nani wako?"

"Ni mwalimu. Haoni."

"Na wewe unamjulia wapi mtu wa huko?"

Nilikuwa na uongo mwingi. Binamu, redio, mafua. Njoki akanishika sikio kutoka nyuma, anavyofanya akitaka kulala. Nikasema, "Tulikutana kwa daktari wa macho. Mimi pia nakuwa hivyo. Wangu, na wewe usikie. Hiyo mashine inanisomea kwa sababu siwezi kusoma."

Ephantus akaja karibu. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole sivioni. Naona kiwiko chako. Na mfuko wa koti umeng'oka."

Nikasikia anashika mfuko wake.

Akasema wataenda na bahasha, wakaiangalie. Na sidii. Na spika. Kijana alipong'oa spika aling'oa na waya wa stima, kompyuta ikazima ghafla. "Hiyo sauti ya mwanaume isisikike tena kwa hii ploti," Ephantus akasema. "Na tutarudi kukuuliza vizuri." Alisema "vizuri" kama mtu ambaye bado hajui mwenyewe atauliza nini.

Wangu alinirudishia godoro.

Jumatatu, 28 Januari

Waya umelegea, lakini nikiubana kwa tofali kompyuta inawaka, nasikia feni. Lakini Mzungu amekufa tangu stima ilipokatika, na sidii ya kumrudisha wameichukua. Nimevaa hedifoni, nikamshikilia Njoki magotini kwa miguu yote miwili, nikabonyeza kila kitu. Kimya.

Nimempigia Owuor kwa kadi niliyobakisha. Nilimwambia: wana jina lako, na namba ilikuwa kwa bahasha. Nilidhani atakata. Akasema shuleni wamefunga geti, wanafunzi wameenda, yeye na mpishi wanacheza drafti, mpishi anamwibia kete. Halafu akasema, bila mzaha, "Rahab, sema unataka nini nitume. Mabasi mengine yanapita na polisi mbele." Ikakatika kabla sijajibu.

Halafu nimempigia Madam, kwa simu ya Wangu. Wangu alinipa bila kuulizwa, akasimama kando. Nikasema: Madam, macho yangu yanaisha, nimekuficha, kaseti ninazo, nusu zimeandikwa, ziko salama. Nikangoja. Nilisikia bangili. Akasema wakili bado anazitaka Alhamisi.

Mama wa cherehani bado sijamaliza habari yake.

Wangu anasema Ephantus ameonekana kwa ploti ya tatu, wanakuja upande huu. Namngoja. Nimemfunga Njoki mgongoni, analala. Owuor akipiga nitakuwa na dakika moja tu, kwa hivyo naandika orodha ya kumsomea, herufi kubwa, nisijikwae.

Sidii ile ile, ya msomaji wa bure, na ile ndogo ya kuandikia.

Lile daraja, kama amelipata, ili kubwa nayo iniongeleshe.

Sauti ya mwanamke. Kama hakuna, ya mtoto. Kama hakuna, ya mzee sana.

Itumwe kwa ofisi ya Darshana, si hapa. Juu yake aandike jina lake lote, Owuor, asilikate. Madam nitamwambia mwenyewe.

Waya wa stima wa kompyuta, ule mnene.

Na hedifoni ya sikio moja. La kulia. La kushoto liko mlangoni.